Picha ya mhitimu Dodoma: macho kupotea chini ya kofia na namna ya kulizuia

Mkuu, nimesoma maelezo yako: dada yako anahitimu Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), una kamera ya kuanzia yenye lenzi ya 50mm, na picha za majaribio za saa 5 asubuhi zimetoka macho hayaonekani, paji la uso linang'aa, nyuma kweupe pe. Usikimbilie kununua lenzi nyingine, hiyo inatosha kabisa. Kilichokuangusha ni saa uliyochagua na mahali ulipomsimamisha, na hayo mawili huamuliwa kabla hujagusa kitufe.

Dodoma tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la saa 6 na nusu mchana linapita karibu wima juu ya utosi. Hata miezi ya baridi, ikifika saa 5 asubuhi limeshapanda kiasi cha kutupa kivuli cha nyusi ndani ya macho na cha pua juu ya mdomo. Jua la kupigia picha nje ni la kabla ya saa 2 asubuhi, au kuanzia saa 11 na nusu jioni hadi linapozama, ambapo kwetu ni kati ya saa 12 na nusu na saa 1. Ratiba ya mahafali haitakupa saa hizo, kwa hiyo tafuta kivuli.

Ila si kila kivuli kinafaa. Chini ya mwarobaini jua linapenya kati ya majani na kuacha madoa usoni ambayo hakuna programu itakayoyaondoa vizuri. Mbuyu wakati wa kiangazi hauna majani, kwa hiyo uweke nyuma ya mtu, usiutegemee kuwa paa. Unachotaka ni ukingo wa kivuli: baraza, mlango mpana, upande wa jengo usiopigwa na jua. Msimamishe ndani ya kivuli, kama mita moja kutoka kwenye mstari wa jua, akitazama nje kwenye anga. Anga lote hilo ndiyo taa yako, na kwa kuwa ni pana, vivuli vinakuwa laini. Mzungushe taratibu kwa hatua ndogo huku ukitazama macho yake tu. Ukiona doa dogo jeupe limetokea juu ya mboni, hapo hapo, mwambie asimame.

Halafu angalia kilicho nyuma yake. Jua kali lina mwanga kama mara nane ya kivuli cha wazi. Ukuta mweupe unaochomwa na jua ukiwa nyuma ya uso ulio kivulini, ukiokoa uso unaupoteza ukuta, na ndicho kilichokupata. Chagua nyuma pawe kivulini pia: korido, mlango wa mbao, jabali upande wake wa giza.

Kitu ambacho wengi hapa hawakioni ni ardhi. Udongo wetu mwekundu ukipigwa na jua mbele ya miguu yake unarusha mwanga wa rangi ya machungwa chini ya kidevu na shingoni. Kulirekebisha baadaye ni kazi, maana paji la uso limebeba rangi ya anga na kidevu kimebeba rangi ya udongo. Ukirekebisha kimoja unaharibu kingine. Tandika shuka jeupe chini, mbele yake, nje ya fremu. Utaziba udongo na papo hapo utapata mwanga safi wa kupanda kwenda usoni.

Mwanga huo wa kutoka chini ndio dawa ya kofia. Ubao wa kofia ya mahafali unazuia anga yote ya juu, ndiyo maana macho yanazama hata kivulini. Mwambie aivae ukingo wake ukiwa kama vidole viwili juu ya nyusi, asiishushe hadi kwenye nyusi wala asiisukume kisogoni. Kisha mtu wa tatu ashike karatasi ya manila nyeupe usawa wa kifua, imeinama kuelekea usoni, sentimita 60 hadi 80 kutoka kidevuni. Aisogeze karibu mpaka macho yafunguke, akome hapo. Akizidisha, mwanga wa chini utaushinda wa juu, kivuli cha pua kitapanda kuelekea macho na uso utatisha. Karatasi ya fedha inayong'aa iache: inamfanya akunje macho na inazidisha mng'ao wa jasho. Jasho lenyewe libonyeze kwa tishu, usilisugue, kisha poda kidogo sana.

Mipangilio: mchana, ukingoni mwa baraza, anza na f/4 (upana wa tundu la lenzi; namba ikipanda, tundu linapungua), 1/250 (kasi ya kufunga, sehemu ya sekunde), ISO 200 (wepesi wa sensa kwa mwanga), faili la RAW (faili ghafi la kamera), kisha rekebisha kwa unachokiona. Ukitumia hali ya A au Av (wewe unachagua tundu, kamera inachagua kasi), kumbuka mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Joho jeusi likijaza fremu, inaongeza mwanga na uso unapauka; shusha fidia ya mwanga (alama ya +/-) hadi -0.7. Ukuta mweupe ukijaza fremu, inapunguza na uso unazama. Pandisha hadi +1. Angalia histogramu ya rangi (grafu ya mwanga wa kila rangi kwenye kioo cha kamera; ikigonga ukingo wa kulia, rangi hiyo imepitiliza), maana kwenye ngozi zetu nyekundu ndiyo hugonga ukingo wa kulia kwanza. Na tafadhali, usiung'arishe uso wake kwenye simu. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake kwa mng'ao laini wa shavuni na kwenye mgongo wa pua. Ukiipausha unaufuta huo mng'ao, na dada yako anastahili picha inayofanana naye.

Kwa kamera kama yako, 50mm kwenye f/1.8 ukiwa mita 1.5 inakupa kina cha fokasi (eneo linalotoka kali, mbele hadi nyuma) cha kama sentimita 6. Akigeuza uso kidogo, jicho la mbali limeondoka. Kwenye f/4 unapata kama sentimita 14, inatosha. Tumia nukta moja ya fokasi, uiweke kwenye jicho lililo karibu nawe. Usisogee chini ya mita 1, pua itakua na masikio yatarudi nyuma.

Upepo wa Julai na Agosti usiudharau. Ukija na taa, mwavuli wake kwenye stendi bila kiroba cha mchanga miguuni utaanguka. Ukiwa na lenzi ya pili, badilisha ndani ya gari madirisha yakiwa yamefungwa, mdomo wa kamera ukitazama chini, la sivyo vumbi litakaa kwenye sensa na utaliona kama madoa angani kila ukifunga tundu hadi f/11.

Mwisho, muulize mama mapema kama anataka ya kutundika ukutani. Fremu ya inchi 8 kwa 10 haina umbo la fremu ya kamera yako: inakata sehemu moja kati ya sita ya urefu, na kinachokatwa huwa ni pembe ya kofia. Acha nafasi juu na chini unapopiga. Kwa studio ya kuchapa peleka faili la angalau pikseli 2400 kwa 3000 kwenye flashi, au litume WhatsApp kama dokyumenti, maana likitumwa kama picha linabanwa.