Kutembelea Hoteli za Disney World Bila Kulala Huko

Watu wengi wakienda Walt Disney World, Florida, hesabu zao huishia kwenye bustani nne za burudani: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Hoteli wanaziona dirishani tu, basi likipita. Halafu siku ya tatu wameshachoka, mfuko umekauka, na tiketi ya siku moja nayo inazidi dola 100 kwa kichwa. Kama una siku ya ziada kule, ushauri wangu ni huu: siku hiyo usinunue tiketi, nenda ukatembee hotelini. Sisemi ukalale, maana vyumba vya zile hoteli kubwa ni mamia ya dola kwa usiku mmoja. Nasema ukatembee, ule, ukae, uangalie.

Na wala si kuzamia. Lobi, migahawa, maduka na njia za kando ya maziwa vinapokea hata mtu asiye na chumba. Kampuni yenyewe inafaidika ukiingia, kwa sababu ukishaingia utakula, utanunua kofia usiyoihitaji, na pengine safari ijayo utalipia chumba. Vilivyofungwa ni vichache, na nitavisema huko mbele.

Anza na meza

Ukija na gari, utamkuta mlinzi getini. Ataomba kitambulisho na kuuliza umekuja kufanya nini. Mpe jibu fupi la kweli: nina meza saa tano na nusu, mgahawa fulani. Ataangalia, atakuonyesha pa kuegesha, yameisha. Ukimwambia umekuja kushangaa tu, siku ya kawaida huenda akakupitisha na kukutakia siku njema. Wiki ya Krismasi au Julai 4, sikukuu ya uhuru wa Marekani, atakugeuza, tena kwa tabasamu zuri kabisa, na kubishana naye ni kupoteza muda. Walinzi wa hoteli zilizo karibu na Magic Kingdom ndio wakali zaidi, hasa Contemporary. Kutoka pale unafika kwenye bustani kwa miguu, kwa hiyo kila siku wapo wanaojaribu kuacha gari hotelini ili wakwepe ada ya maegesho. Mbinu zote mlinzi keshaziona.

Ndiyo maana mimi huanza na meza. Kuhifadhi meza hakuhitaji chumba wala tiketi ya bustani. Unafanya kwenye tovuti au programu yao ya simu, na nafasi hufunguliwa siku 60 kabla. Chagua kifungua kinywa au chakula cha mchana badala ya cha usiku. Bei mara nyingi ni nafuu, na ukimaliza una mchana mzima wa kuzunguka. Ukiona huendi, futa mapema, kwa sababu migahawa mingi hutoza dola 10 kwa kila mtu aliyeandikishwa asipotokea. Familia ya watu sita hiyo ni dola 60 za chakula ambacho hamkukionja.

Usiye na gari una uhuru zaidi kuliko unavyodhani. Monoreli (treni ya reli moja inayopita juu), boti, mabasi na vile vibanda vya angani vinavyoitwa Skyliner havina nauli. Maegesho ya Disney Springs, lile eneo la maduka, ni bure, na mabasi ya kwenda hotelini yapo pale. Ila kumbuka yamewekwa kwa ajili ya wageni na wenye shughuli huko, kwa hiyo meza yako itakusaidia hapo pia. Kutoka hoteli moja hadi nyingine kwa kawaida hakuna basi la moja kwa moja. Unapanda la kwenda kwenye bustani, unashuka, unapanda jingine, na saa nzima inaweza kuishia hapo. Ndiyo sababu nawaambia watu wachague upande mmoja kwa siku. Eneo lile lina ukubwa wa karibu kilomita 100 za mraba. Ukitaka hoteli zote kwa siku moja utakachokiona ni vituo vya mabasi.

Mzunguko wa monoreli

Kama ni mara yako ya kwanza, anzia hapa. Monoreli ya hoteli inazunguka ziwa la Seven Seas Lagoon na kusimama Polynesian, Grand Floridian, Magic Kingdom na Contemporary, kisha kwenye kituo kikuu cha usafiri. Mabegi hukaguliwa kabla ya kupanda, basi beba mdogo.

Contemporary na Polynesian zilifunguliwa pamoja na Disney World yenyewe mwezi Oktoba 1971. Vyumba vya Contemporary viliundwa kando, vikiwa vizima na mabomba yake, kisha kreni ikavinyanyua na kuvichomeka kwenye fremu ya chuma kama droo za kabati. Panda hadi ghorofa ya nne. Treni inapita ndani ya jengo, juu ya vichwa vya watu wanaokula, na cha ajabu haina makelele ya kutisha. Katikati kuna picha kubwa ya vigae iliyobuniwa na msanii Mary Blair, urefu wake unapata mita 27 hivi, inayoonyesha watoto, ndege na wanyama wa Grand Canyon, lile korongo kubwa la Marekani. Wapwa zangu niliwapa kazi moja pale: mtafuteni mbuzi mwenye miguu mitano. Yupo kweli, upande unaotazama reli ya monoreli. Walikaa kimya kwa muda mrefu kuliko walivyokaa kwenye foleni yoyote ya safari ile, na aliyempata kwanza hajaacha kujisifu mpaka leo.

Wanaopenda historia, hoteli hiyohiyo ndipo Rais Richard Nixon alipotamka mbele ya wahariri wa magazeti, tarehe 17 Novemba 1973, kwamba yeye si mhalifu. Na jirani pale, Polynesian, mwanamuziki John Lennon alitia sahihi hati za kuvunja ubia wa bendi yake, Beatles, mwezi Desemba 1974. Sijui nani huenda likizo na mafaili ya wanasheria, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Polynesian yenyewe nenda jioni. Kuna ufukwe wa mchanga unaotazama kasri la Magic Kingdom ng'ambo ya ziwa, na fataki zikianza, muziki wake husikika pale ufukweni kupitia spika. Kwa maoni yangu ni bora kuliko kubanwa kwenye umati wa bustani, ingawa picha zinazoangazwa kwenye kuta za kasri hutaziona vizuri. Wahi dakika arobaini hivi kabla, na upitie Pineapple Lanai uchukue Dole Whip, ile krimu baridi ya nanasi.

Grand Floridian, ya mwaka 1988, ndiyo ya kifahari kuliko zote, na hapo ndipo watu wasio na chumba huingiwa na aibu. Usiogope. Vaa nguo safi za kawaida, ingia, kaa kwenye sofa, sikiliza muziki kama wapigaji wapo. Wenye vyumba nao wamevaa kaptula na masikio ya panya. Msimu wa Krismasi hujengwa lobini nyumba ya mkate wa tangawizi ambayo mtu mzima anaingia, na ndani yake wanauza biskuti. Ni kivutio hasa, lakini msongamano wake ni wa kariakoo, kwa hiyo fika asubuhi na mapema au uache kabisa.

Wilderness Lodge, kama una muda wa hoteli moja tu

Ningelazimishwa kuchagua moja ningechagua hii. Boti inakuchukua kutoka gati la mbele ya Magic Kingdom, nje ya milango ya tiketi. Mbunifu wake ni Peter Dominick, ilifunguliwa 1994, na mfano wake ulichukuliwa kwenye nyumba za kulala wageni za magogo zilizomo kwenye hifadhi za taifa za magharibi mwa Marekani, hasa Old Faithful Inn ya Yellowstone. Ukiingia lobini shingo inapinda yenyewe. Nguzo ni magogo mazima, na kwenye kona kuna meko ya mawe yenye urefu wa mita 25 inayopanda hadi darini. Simama karibu nayo uiangalie: matabaka yake ya rangi yamepangwa kwa kufuata miamba ya Grand Canyon, ya zamani zaidi ikiwa chini.

Kisha tafuta chemchemi. Ipo ndani ya lobi, ndogo, watu wengi wanaipita wakidhani ni pambo. Fuata maji yake. Yanapita chini ya sakafu, yanatokea nje, yanakuwa kijito chini ya daraja, yanashuka maporomoko kuelekea upande wa bwawa. Ukiendelea mpaka karibu na ziwa utakuta mahali ambapo maji hurushwa juu kila baada ya saa moja hivi, kuiga zile chemchemi za Yellowstone. Bei ya yote hayo ni sifuri. Rudi ukakae kwenye kiti cha kubembea mbele ya moto. Nje kunaweza kuwa na joto la Florida la kukausha samaki, lakini ndani kiyoyozi kimewekwa kwa kiwango ambacho moto unapendeza.

Twiga bila tiketi

Animal Kingdom Lodge ya mwaka 2001 nayo ni kazi ya Dominick. Iko mbali na zote. Inafikiwa kwa basi au gari tu, kwa hiyo ipe nusu siku yake. Ina majengo mawili, Jambo House na Kidani Village, na vibao vyake vya Boma, Jiko, Sanaa na Uzima utavisoma bila mkalimani. Nyuma ya lobi ya Jambo House kuna njia inayokwenda hadi Arusha Rock, jukwaa la mawe linaloangalia mbuga yenye twiga, pundamilia na swala. Saa nzuri ni asubuhi au alasiri jua likipoa. Mchana wa saa saba wanyama wamejificha kivulini, nawe unapaswa kufanya vivyo hivyo.

Kama ni meza moja tu utaihifadhi safari nzima, basi iwe Sanaa, kule Kidani. Madirisha yake yanatazama mbuga, na usihangaike na milo mikubwa: agiza sinia la mikate, aina tano za mikate na vichovyo tisa. Linatosha kushibisha watu wawili au watatu, na twiga akipita nje hakuna anayekumbuka bei. Boma ni bufee, tamu kwelikweli, ila ni ya mtu aliyeshinda na njaa.

Mengine kwa haraka

Upande wa EPCOT kuna BoardWalk, Yacht Club na Beach Club, zote za mbunifu Robert A. M. Stern, zikizunguka ziwa dogo pamoja na Swan na Dolphin za Michael Graves. Ni matembezi mazuri ya jioni, basi. Skyliner iliyoanza 2019 inafaa kwa watoto wadogo: inaunganisha Riviera, Caribbean Beach, Pop Century na Art of Animation, na hizi mbili za mwisho zimejaa sanamu za kuchezea zenye ukubwa wa ghorofa. Radi ikianza Skyliner na boti husimamishwa, na Florida kiangazi radi za alasiri ni jambo la kawaida, kwa hiyo panga vitu hivyo asubuhi.

Vilivyofungwa: mabwawa ya kuogelea, kwanza kabisa. Ni ya wenye vyumba, yana uzio, na kuna wafanyakazi wa kukagua. Nimewahi kuona mzazi akitolewa pale na watoto wake wameshalowa. Huruma ilikuwa kwa watoto, si kwake. Usizurure kwenye korido za vyumba pia, wala usifuate mtu mlangoni anapogusisha kadi yake. Ukumbi wa mazoezi nao achana nao.

Maji ya kunywa usinunue. Kwenye kaunta za vyakula vya haraka omba kikombe cha maji ya barafu, wanatoa bure hata kama hukuagiza kitu.

Na kama jioni yako inaishia ufukweni Polynesian, fataki zikizimika usikimbilie monoreli, kwa sababu umati wa Magic Kingdom nao unaipanda wakati huohuo. Aliyeacha gari Grand Floridian kwa ajili ya meza yake atembee tu. Kuna njia ya miguu kati ya hoteli hizo mbili, ina taa, na utafika kabla foleni haijasogea.