Karanga hizo zitoe sebuleni kabla mgeni wako mdogo hajafika

Dada uliyetuandikia kwamba wifi yako anakuja kutoka Mombasa na mwanawe wa miezi 18, zitoe. Usingoje mpaka wifi yako ashuke kwenye basi. Karanga za kukaanga, bisi na zile zabibu ulizosema umeshaziweka kwenye friji ziwe tayari kwa mtoto, hakuna hata kimoja kinachomfaa mtoto wa miezi 18 kwa jinsi ulivyopanga kumpa. Umeuliza mambo mengi: asubuhi apewe nini, mchana apikiwe nini, maziwa kiasi gani, usingizi wa mchana utakuwaje, na kama mtoto aliyezoea vyakula vya Mombasa atakubali matooke, ndizi zetu za kupika. Nimeyasoma yote, lakini macho yangu yalikwama kwenye lile bakuli la karanga unalotaka kuliweka kwenye stuli "ajichukulie mwenyewe akicheza". Ajichukulie mwenyewe, tena akicheza! Mwili ulinisisimka.

Na wewe uliyemjibu dada huyu kwamba karanga zinajenga akili na sote tumekulia hizohizo, nawe nisikilize. Maneno yako ndiyo hayohayo niliyoambiwa mimi, na yalitutoa machozi.

Sisi tuko Uganda, upande wa Tororo, si mbali na mpaka wa Malaba. Mdogo wangu ameolewa Eldoret, na Desemba moja alikuja kututembelea na mwanawe wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minane. Nyumba ya Desemba mnaijua. Kila anayeingia ana kitu mkononi, na kila mtu anataka kumpa mtoto mgeni kitu ampende. Zilikaangwa karanga za chumvi, zile ndogo nyekundu, zikamwagwa kwenye sinia, na sinia likakaa kwenye stuli iliyokuwa sawasawa na kidevu cha mtoto. Nikauliza kama anaweza kuzila. Jirani mmoja, mama mtu mzima aliyelea wengi na anayeheshimiwa mtaani, akanijibu kabla mama mwenyewe hajafungua mdomo: "Huyu ana meno, mpeni. Wa kwangu wote walikula." Basi akajaziwa kiganja.

Binamu yake mkubwa akaanza kumkimbiza kuzunguka makochi. Mtoto akacheka mdomo ukiwa umejaa, na kicheko kikakatika katikati. Akakohoa mfululizo, uso ukaiva, machozi na mate vikamtoka pamoja na vipande vya karanga. Huyu anampiga mgongoni, yule anakimbia kuleta maji, mwingine anataka kumtia kidole kooni. Baada ya muda akapata pumzi, akalia, akataka kunyonya. Watu wakasema imeshuka, imepita, Mungu mkubwa. Sinia lenyewe hakuna aliyeliondoa.

Haikuwa imeshuka. Usiku ule kifuani mwake kulikuwa na mluzi mwembamba, unausikia ukimwekea sikio karibu. Asubuhi kikohozi. Tukampeleka kliniki moja ya mtaani, na aliyekuwa pale hakumvua mtoto hata shati. Akasema ni vumbi na baridi ya asubuhi, akatoa sirapu na antibayotiki, tukalipa. Homa ikaja, ikashuka, ikarudi. Tukarudi, akabadilisha sirapu, tukalipa tena. Picha ya kifua tukaenda kupiga kwingine, tukaambiwa ni safi, kifua hakina kitu, mama apunguze wasiwasi. Apunguze wasiwasi! Mdogo wangu alikuwa hafumbi jicho, anakesha ameketi na mtoto begani kwa sababu akimlaza tu anakohoa mpaka anatapika.

Aliyetuokoa ni daktari mmoja kijana katika hospitali nyingine. Alimvua shati. Akasikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akarudi kushoto, akarudi tena kulia. Kisha akakitundika kile kipimo chake shingoni, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ametuuliza: "Siku kikohozi kilipoanza, mtoto alikuwa anakula nini?"

Tukatazamana.

Upande wa kulia hewa ilikuwa inaingia kidogo sana. Tukaandikiwa barua, tukaenda Kampala usiku uleule. Huko mtoto alipewa dawa ya usingizi, akapitishiwa bomba la chuma kutoka mdomoni hadi ndani ya njia za hewa, wakatoa nusu karanga. Hata nzima haikuwa. Walituonyesha kwenye kikopo cha plastiki: imevimba, imekuwa laini, na ile ngozi nyekundu bado imeng'ang'ania upande mmoja. Mtamba tuliyekuwa tumemweka kwa ajili ya karo ya shule aliuzwa kulipia safari, dawa na malazi. Mtoto ni mzima, leo anapiga mpira, namshukuru Mungu kila nikimwona. Lakini wako waliozika kwa kitu kilekile.

Kwa hiyo nina hasira, sifichi. Na jirani yetu nina hasira, kwa sababu kulea watoto wengi bila hata mmoja kupaliwa vibaya ni neema, haimaanishi kwamba karanga ni salama. Na yule wa kliniki nina hasira mara mbili, kwa sababu swali moja tu la bure lingetuokolea fedha na mateso yote yale. Na hawa wanaosambaza orodha za "vitafunio vya afya kwa mtoto" kwenye simu, karanga na bisi zikiwa juu kabisa, bila kuandika ni mtoto wa umri gani, sijui nao wana watoto au la.

Sasa elewa kwa nini karanga, usije ukadhani nakutisha tu. Mtoto wa mwaka na nusu ana meno ya mbele ya kung'ata. Magego ya kwanza huwa ndiyo yanachomoza, kwa kawaida kati ya miezi 13 na 19, na yale ya nyuma zaidi huchelewa mpaka karibu miaka 2 au kuipita. Karanga anaipasua, kuisaga hawezi. Inabaki vipande viwili vigumu vinavyoteleza. Akivuta pumzi ya ghafla kwa kucheka, kulia au kukimbia, kipande kinaifuata hewa. Mara nyingi kinaelekea pafu la kulia, kwa sababu njia ya upande ule ni pana na imenyooka zaidi. Kikishakaa huko, mafuta ya karanga yanachokoza ngozi laini ya ndani, inavimba, usaha unaanza. Na eksirei inayoonyesha sarafu waziwazi haiionyeshi karanga. Ndiyo maana picha "safi" haimalizi maneno ikiwa mtoto alipaliwa. Baya zaidi, baada ya kile kikohozi cha kwanza mtoto anaweza kutulia kabisa kwa saa au hata siku, nanyi mkasahau.

Uingereza wanashauri karanga nzima zisubiri mpaka mtoto atimize miaka 5. Madaktari wa watoto wa Marekani wanataja angalau miaka 4, na wanaziweka pamoja na bisi na pipi ngumu. Mimi nimechagua 5, na nyumbani kwangu hakuna mjadala.

Kanuni yangu ni hii, ishike hata kama mengine yote utayaacha. Kabla kitu hakijaingia mdomoni mwa mtoto, kibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikipondeka, mpe. Kisipopondeka, kipikwe, kitwangwe, au kiondoke mbele yake. Cha mviringo, hata kikiwa laini, kikatwe kwa urefu. Zabibu moja vipande vinne kwa urefu; soseji vivyo hivyo, usiikate miduara. Na mtoto ale ameketi, mtu mzima akimtazama. Akisimama, chakula kinabaki mezani. Siku ya kwanza atalia, siku ya pili atajua.

Ukitembeza vidole hivyo viwili jikoni na dukani utashangaa ni vingi vinavyoanguka. Daddies, vile vitafunio vigumu vya unga vya kukaanga, hapana. Kashata za simsim, hapana. Nsenene, wale panzi, waliokaangwa mpaka wakakauka, hapana, hata kama kila mtu anamcheka mtoto asiyeonja. Soya za kukaanga, mahindi ya kuchoma, muwa, vipande vya karoti mbichi, nyama ya mchomo inayovutana kama mpira, yote hapana. Jambula, yaani zambarau, itoe kokwa kwanza. Samaki, awe ngege au sangara, mchambue kwa mkono wako mwenyewe na upitishe vidole mara mbili, usiamini macho. Odi, karanga na simsim zilizosagwa laini, pakaza nyembamba kwenye mkate, lakini usimpe kijiko kizima, inaganda kooni.

Na hatari kubwa kwa mgeni si wewe, ni hao wengine. Mtoto anapokuwa kwake, waliomo nyumbani wanamjua. Akija kwako anapita mikono ya mashangazi, watoto wa jirani, mzee anayetoa pipi mfukoni. Waambie mapema, na waambie kwa ukali ikibidi. Watoto wa miaka 6 na 7 wakalishe chini uwafundishe, kwa sababu wao ndio hulisha wadogo kwa upendo bila mtu kuona. Stuli za chini zisiwe na bakuli lolote. Nikija kukutembelea nitakagua stuli kabla ya kukusalimu, na mniite mnavyotaka.

Chakula chenyewe wala si tabu. Uganda tuna vyakula laini vya kutosha, sijui kwa nini tunakimbilia vigumu. Matooke yaliyochemshwa yakaiva na kupondwa, mtoto wa pwani atakula, kwake itakuwa kama ndizi za kupika anazozijua. Karanga usimnyime kabisa, mpe binyebwa: zimetwangwa unga laini, zimechemka muda mrefu mpaka mafuta yanaelea juu, mwagia kwenye viazi vitamu vilivyopondwa. Lakini kwanza muulize mama yake kama ameshawahi kula karanga na kama zilimletea vipele au kuvimba midomo. Ugenini, mbali na anayemjua, si mahali pa kujaribia. Fanya pia kitobero, kile wanachofundisha akina mama pale kitengo cha lishe cha Mwanamugimu, hospitali ya Mulago, Kampala: chakula kikuu kama matooke au viazi, maharage au karanga za kutwanga, kidogo cha nyama, samaki au mukene (dagaa) wa kusaga, na mboga kama dodo (mchicha) au nakati, vyote vinaiva kwa mvuke pamoja ndani ya jani la mgomba, kisha unaviponda. Ni mlo mzima ndani ya fungu moja.

Vya kutafuna katikati: bogoya (ndizi tamu) iliyoiva, ovakedo, papai, embe lisilo na nyuzi, kabalagala (vikeki vya ndizi vya kukaanga) laini iliyokatwa vijiti, yai la kuchemsha lililopondwa, gonja, ile ndizi kubwa, ya kuchemsha badala ya kuchoma. Umri wake anahitaji milo 3 au 4 kwa siku na kitafunio kimoja au viwili, basi. Usimlishe kila anapopita mbele yako ndipo ushangae hataki chakula cha mchana. Soda mwache nayo mbali.

Na likitokea, Mungu apishe mbali, fanya hivi. Akiwa anakohoa kwa nguvu na kutoa sauti, mwache akohoe, kaa naye, usimpe maji, usimtie kidole mdomoni kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani. Akinyamaza, hatoi sauti, halii, midomo inabadilika rangi, hapo hewa imeziba na hakuna muda wa kuita majirani. Mwinamishe mbele, mpige katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja mara 5, kwa nguvu. Isipotoka, piga magoti nyuma yake, mkumbatie, ngumi yako juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta ndani kwenda juu mara 5. Rudia mgongo, rudia tumbo, huku mwingine anaita gari. Aliye chini ya mwaka 1 tumboni hasukumwi kabisa: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, mpige mgongoni mara 5, kisha mgeuze umkandamize katikati ya kifua mara 5. Akipoteza fahamu, anza kumkandamiza kifua na usiache mpaka msaada ufike. Kikitoka, bado mpeleke akaangaliwe, hasa kama ulimsukuma tumbo. Na akitulia lakini baadaye ukasikia mluzi, au kikohozi kisichokwisha, mwambie daktari tangu mlangoni kwamba alipaliwa, na alipaliwa na nini, hata kama hajakuuliza.

Msalaba Mwekundu wa Uganda wanafundisha huduma ya kwanza. Mtu mmoja wa nyumba yako aende akajifunze kwa mikono, kusoma nilivyoandika hapa hakutoshi, na aende kabla wifi hajakata tiketi.