Dawa ya malaria kwa safari ya South Luangwa
Ndugu, umeuliza kama siku 5 kwenye hifadhi ya wanyama ya South Luangwa, Zambia, zinahitaji dawa ya kukinga malaria, maana umekulia Tanga. Zinahitaji, kinga ya utotoni hupungua ukiishi miaka Ulaya. Ukiandikiwa doksisaiklini, mojawapo ya dawa hizo, ni miligramu 100 kila siku: anza siku 1 au 2 kabla, endelea wiki 4 baada ya kutoka. Wengi huacha wakifika nyumbani, kumbe vimelea vilivyo kwenye ini hutoka baadaye. Meza ukiwa umeshiba, kwa glasi nzima ya maji, na usilale papo hapo: kidonge kikinasa kooni huunguza. Ngozi nayo hubabuka upesi juani, basi paka losheni ya jua kwanza, ya mbu juu yake. Nguo za buluu na nyeusi ziache, huvuta mbung'o, nzi waenezao malale. Homa ikikushika, hata miezi baadaye, pima malaria siku hiyo hiyo.