Moyo Dhaifu na Dawa za Kuzuia Kalsiamu: Soma Jina la Kidonge

Mwenye moyo dhaifu ambaye presha yake bado inapanda, ipo siku atatajiwa dawa za kuzuia kalsiamu. Moyo wangu husukuma damu chini ya kiwango cha kawaida, na nimekuwa nikimeza mojawapo ya dawa hizo, amlodipini, kwa muda mrefu. Wenzangu wakiniuliza kama ni salama, nawajibu: ipi? Maana kundi ni moja, lakini vidonge vyake havifanani kabisa.

Msuli wa moyo hujikaza kwa msaada wa kalsiamu inayoingia kwenye seli zake. Verapamili na diltiazemu, nazo za kundi hilo, huizuia moyoni kwenyewe, kwa hiyo mapigo hupungua kasi na nguvu ya kusukuma hushuka. Kwa moyo imara unaokwenda mbio, hiyo ni nafuu. Kwa moyo uliolegea, ni kumpunguzia majani punda aliyekwisha kukonda. Utafiti mkubwa wa diltiazemu uliotolewa mwaka 1988 kwa watu waliopona shambulio la moyo ulionyesha hivyo hivyo: waliokuwa na dalili za maji kwenye mapafu walipata matatizo zaidi ya moyo walipoitumia.

Amlodipini hufanya kazi zaidi kwenye mishipa ya damu. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 1,100 wenye moyo dhaifu sana, matokeo ya mwaka 1996 yalionyesha haikuongeza vifo. Tafadhali usisome hapo kwamba inatibu moyo. Inashusha presha na kupunguza maumivu ya kifua, basi. Kazi ya kuusaidia moyo wenyewe ni ya dawa kama bisoprololi au kavedilolo, enalaprili, spironolaktoni na dapagliflozini. Nyingi kati ya hizo hushusha presha pia, kwa hiyo ni haki yako kumuuliza daktari kama zimefikishwa kwenye dozi inayofaa kabla ya kuongezewa kidonge kingine.

Kilichonisumbua mimi ni miguu. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo, hasa jioni na hasa kwenye dozi ya miligramu 10, na moyo unapozidiwa nao huvimbisha miguu vilevile. Utajuaje? Mizani imenisaidia kuliko macho. Napima uzito kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula. Miguu ikivimba lakini uzito umetulia na pumzi ni nzuri, naishuku dawa, na namwambia daktari. Kwangu kupunguziwa dozi kulitosha. Dawa za kukojosha huwa hazisaidii sana uvimbe wa aina hiyo. Lakini uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, au ukishindwa kulala bila kuinua mito, piga simu siku hiyohiyo. Na usiache dawa kwa uamuzi wako.

Hatari nyingine hutoka kwa daktari asiyejua historia yako. Verapamili hutolewa pia kwa aina fulani ya maumivu makali ya kichwa, na ikikutana na bisoprololi mapigo yanaweza kushuka mno. Ndiyo maana kwenye karatasi ya dawa zangu nimeandika juu kabisa asilimia ya damu ambayo moyo husukuma nje kwa kila pigo, iliyopatikana kwenye kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti). Ikiwa 40 au chini, mfamasia yeyote atasita kukupa verapamili au diltiazemu. Ikiwa 50 au zaidi, mazungumzo ni mengine, na daktari wako ana uhuru zaidi wa kuchagua.