Niliahidi sadaka ya kujimaliza, sasa sina. Je, nimejifungia baraka?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mjane, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mwanangu wa kwanza amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni. Kwenye mkutano wa maombi niliahidi sadaka ya kujimaliza, yaani kutoa mpaka ubaki huna kitu, ya laki tatu, nimetoa laki moja. Mtumishi anasema biashara yangu haisogei, na hata mume wangu alikufa, kwa sababu ya laana ya ukoo, na nisipomaliza ahadi mbingu zitabaki zimefungwa. Hela niliyo nayo ni ya godoro na sare za mtoto. Nimefikiria kukopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, ili nimalizie. Jirani yangu alitoa, leo ana bajaji mbili. Mimi nikihesabu baraka zangu sizioni. Nifanyeje?

JIBU: Asifiwe milele, mama yangu. Pole kwa msiba, na pole kwa maneno uliyoambiwa juu ya msiba huo.

La haraka kwanza. Usikope. Kanunue godoro na sare, ikiwezekana kesho. Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa mwaka 2022, lakini wewe na mimi tunajua fomu ya kujiunga ilivyo ndefu, na mtoto hawezi kulalia tangazo la serikali.

Sasa hiyo ahadi, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi. Utasomewa Hesabu 30:9, kwamba nadhiri ya mjane inasimama juu yake. Andiko lipo, silikatai. Ila wanaolisoma hawarudi nyuma mpaka Walawi 27:8, ambapo torati hiyo hiyo inasema mweka nadhiri akiwa maskini kuliko kiasi kilichowekwa, aletwe mbele ya kuhani, na kuhani akadirie upya kwa kadiri ya uwezo wake. Kazi ya kuhani hapo ni kumpunguzia. Naye Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba nia ikiwapo, sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo (2 Wakorintho 8:12). Hela ya kukopa ni katika vile usivyo navyo. Laki moja uliyotoa imetosha. Kama uliahidi kwa pupa, mwombe Mungu msamaha, kisha ulale.

Tena hela ya godoro haikuwa yako ya kutoa. Yesu aliwakemea vikali Mafarisayo waliomruhusu mtu kusema mali ya kuwatunza wazazi wake imekuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, halafu wazazi wakakosa (Marko 7:9-13). Kama mzazi hawezi kunyimwa haki yake kwa jina la madhabahu, na mtoto je?

Najua pia utaletewa mjane wa Sarepta. Sijawahi kusikia mahubiri ya kujimaliza yasiyompitia huyu mama. Basi tumsome mpaka mwisho wa sura, 1 Wafalme 17. Eliya alimwomba mkate mdogo wakati wa njaa, akamwahidi pipa la unga halitapunguka. Kisha nini? Nabii akakaa kwenye nyumba ya yule mjane, akala unga ule ule, siku nyingi. Mtumishi wako analala chumba gani, anakula nini? Na hapo wengi hufunga Biblia, kabla ya mstari wa 17, mtoto wa mjane huyo huyo alipougua akafa. Alikuwa ametoa. Alikuwa ameona muujiza kwa macho yake. Msiba ukaja. Akamuuliza Eliya kama amekuja ili dhambi yake ikumbukwe na mwanawe afe. Ni swali lako kabisa, mama. Eliya hakutafuta laana ya ukoo. Alimchukua mtoto mikononi mwa mama yake, akapanda naye orofani, akamlilia Mungu, tena kwa kulalamika. Nabii wa kweli aliona kifo ndani ya nyumba ya mjane na hakumtajia kosa wala bei.

Juu ya laana ya ukoo sitasema mengi. Wagalatia 3:13-14 inasema Kristo alitukomboa katika laana ya torati kwa kufanywa laana kwa ajili yetu, ili baraka ya Ibrahimu itufikie. Anayekuambia kuna laana iliyobaki ambayo msalaba haukuimaliza lakini laki mbili zako zitaimaliza, anauonea aibu msalaba.

Na Malaki 3:10, kwamba tulete zaka kamili ghalani? Soma kwanza mstari wa 5 wa sura hiyo hiyo: Mungu anakuja kuwahukumu wanaomwonea mjane na yatima. Kisha soma Kumbukumbu la Torati 14:28-29, zaka ya mwaka wa tatu ilikuwa ya nani. Mlawi, mgeni, yatima na mjane, wale washibe. Ghala ambalo Malaki anataka lijazwe lilikuwa na fungu lako ndani yake. Leo andiko limegeuzwa: mjane anajaza ghala, na mlango wa kutokea haupo. Mimi nafundisha utoaji, na kanisa langu linaishi kwa sadaka za watu, kwa hiyo sisemi haya kama mtu asiyejua gharama za kuendesha kanisa. Lakini Elisha alipofikiwa na mjane mwenye deni (2 Wafalme 4), mafuta yaliongezeka nyumbani kwa mjane, akaambiwa ayauze, alipe deni, na kilichobaki aishi yeye na wanawe. Siku hizi mafuta anayauza nabii. Februari 1, 2020, pale Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Wengi wao naamini walikuwa watu kama wewe, wenye shida za kweli.

Turudi kwenye neno lako, kwamba baraka huzioni. Sitakujibu kwa lile jibu letu la kanisani la "shukuru hata unapumua". Ni jibu la mtu aliyeshiba. Biashara yako unaijua: mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hawaingii ziwani, huna mzigo, giza likirudi unapata mzigo, unaanika, mvua inanyesha mchana dagaa wanalowa na bei inaanguka. Mvua hiyo hiyo mkulima wa mpunga kule Magu anaipigia vigelegele. Yesu alisema Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki (Mathayo 5:45). Kwa hiyo huwezi kutazama kichanja kilicholowa ukasoma humo hasira ya Mungu juu yako, kama usivyoweza kutazama bajaji mbili za jirani ukasoma humo upendeleo. Huenda ni baraka kweli. Huenda ni mkopo. Asafu, mtunga zaburi, naye alichanganyikiwa kwa mahesabu ya aina hii mpaka miguu ikakaribia kuteleza (Zaburi 73).

Simaanishi kwamba umaskini ni utakatifu. Kuna wahubiri wa upande huo pia, nao wanakosea. Mungu anapenda ule, mtoto asome, biashara isimame. Zaburi ya 128 inapomweleza mtu aliyebarikiwa, inaanza na jambo dogo sana: taabu ya mikono yako hakika utaila. Umeamka alfajiri ukaenda mwaloni, ukanunua, ukaanika, ukauza, ukaweka akiba, mtoto amefaulu. Hela hiyo ya godoro ndiyo taabu ya mikono yako. Ndiyo baraka unayoitafuta, na umekaribia kumpa mtu mwingine ili akuombee uipate.

Mambo mawili ya kufanya. Mtumishi akipiga simu kukumbusha ahadi, mwombe kwa heshima akusomee Walawi 27:8, na kama ataanza kukutisha, kata simu. Huko usirudi. Kutafuta kanisa lingine la kusali siyo kumwacha Yesu. La pili, kama mtaji ndio unaopungua, tafuteni wanawake wenzako hapo sokoni muunde kikundi, muwaone maafisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya wanawake. Inachelewa, ina makaratasi mengi, lakini haikaushi damu. Mzee wa kanisa akikuambia huo ni ulimwengu, mwambie mchungaji ndiye aliyekutuma.