Wasomaji Wanauliza: Mkabaji Akihesabu Mbio Mbio

Safari hii barua karibu zote ni za altimeti frisbi, ule mchezo wa timu mbili kurushiana disiki (kisahani cha plastiki), na karibu zote zinalalamikia ile hesabu ya stoling: mkabaji anasema "stoling" afu anahesabu moja hadi kumi kwa sauti, na mrushaji lazima awe ameachia disiki kabla ya "kumi". Haya tuanze.

SWALI: Shikamoo mjibu maswali. Mi ni mrushaji kwenye timu yetu, sasa kuna jamaa wa timu pinzani akinikaba anahesabu kama anafukuzwa, yaani stoling moja mbili tatu nne hapo hata sijageuka kuona nani yuko wazi. Mechi iliyopita nikanyamaza, nikasema ngoja afike kumi ndo nimkatalie, kweli akafika nikapinga, ikawa kelele tupu. Wao wanasema ningeongea mapema, sisi tunasema hesabu haikuwa halali toka mwanzo. Nani yuko sahihi? (Mrushaji mwenye hasira)

JIBU: Marahaba. Kila upande una kipande cha haki ila cha kwao ni kikubwa, samahani. Kanuni za WFDF, yaani shirikisho la dunia, zinasema kati ya mwanzo wa namba na mwanzo wa namba inayofuata lazima ipite angalau sekunde 1. Mwanzo kwa mwanzo. Kwa hiyo toka anaanza kusema "moja" mpaka anaanza kusema "kumi" inaweza kuwa sekunde 9 tu na bado yuko halali, na wengi wanaolia wameibiwa wanakuwa wanadai sekunde ambayo hawakuwahi kupewa. Lakini nne kabla hujageuka? Hapana, huyo anakimbiza.

Dawa ni kusema "fasti kaunti", yaani hesabu ya mbio, palepale. Mchezo hausimami, yeye anachukua namba ya mwisho aliyoimaliza anapunguza moja anaendelea, mfano kashasema sita, anarudi "tano, sita, saba" kwa mwendo wa halali. Asiporudisha, au ikawa ndo tabia yake kila ukishika disiki, unaruhusiwa kuita vayolesheni (ukiukaji wa kanuni) na mchezo unasimama kabisa, wakikubali kosa hesabu inaanza upya stoling moja.

Sasa hili la kunyamaza mpaka kumi. Stoli, yaani kuambiwa hesabu imefika kumi na disiki bado unayo, unaweza kuipinga kwa sababu mbili: disiki ilishatoka mkononi kabla hajaanza kutamka "kumi" (kuanza, sio kumaliza), au alikimbiza kwa namna ambayo hukupata nafasi ya kuita fasti kaunti. Mtu kaenda vizuri hadi saba afu nane tisa kumi kazimeza kwa mpigo, hapo pinga bila aibu. We ulimsikia toka mbili, ukaiweka lawama akiba kama pesa ya kodi. Nafasi ulikuwa nayo, na kwangu mimi huo ni ujanja uleule unaomlaumu nao.

Afu hata kwa faida yako haulipi bana. Stoli ikipingwa disiki inarudi kwako na hesabu inaanza stoling nane, mkabaji yuko usoni, una sekunde mbili hivi za kufanya muujiza. Ungemwita kwenye nne ungekuwa na muda wa kutosha. Na kama ulipinga huku umesharusha na pasi ikaanguka, hakuna cha kurudi, tanova (disiki kwenda kwa wapinzani) inabaki tanova.

SWALI: Kaka, nikimkaba mtu afu nikarudi nyuma kidogo kuziba njia, nikimrudia naendelea nilipoishia? Na mwenzangu akinipokea? (Beki)

JIBU: Ukiwa ndani ya mita 3 za mrushaji endelea tu. Ukitoka nje ya hapo ukarudi, stoling moja. Mwenzako akikupokea pia stoling moja, hata kama ulishafika tisa, ndio inauma. Wengine wanabadilishana halafu wa pili anaendeleza namba ya mwenzie kimyakimya, hiyo ni fasti kaunti vilevile hata kama anahesabu taratibu kama anabembeleza mtoto, kwa sababu kosa sio spidi peke yake, kuanza na namba isiyo yake nako ni kosa. Na hesabu mrushaji aisikie, mambo ya kunong'ona afu unalipuka "kumi!" hayapo.

SWALI: Nimeona video za Marekani refa ndo anasimamia muda na ni sekunde 7. Si tufanye hivyo tumalize ubishi?

JIBU: Hiyo ni ligi ya kulipwa, UFA, zamani ikiitwa AUDL, ilianza kuchezwa 2012, na wana marefa wao. Kwenye kanuni za WFDF wachezaji wanaamua wenyewe hata kwenye mashindano ya dunia, kuna washauri wa mchezo wanaoweza kukufafanulia kanuni ila hawakuamulii. Mi naona marefa wangehamisha ubishi tu, badala ya kubishana na mkabaji ungebishana na mwenye filimbi, na huyo hasikii hesabu vizuri kama wewe uliyesimama nayo pua kwa pua.

SWALI: Waliotukimbizia hesabu nataka niwape sifuri kwenye alama za spiriti, zile timu zinazopeana baada ya mechi kwa moyo wa kiuanamichezo. Naruhusiwa?

JIBU: Vipengele viko vitano, kila kimoja ni 0 hadi 4, na 2 maana yake ni kawaida, sio matusi. Sifuri kote kwa ajili ya hesabu ya mtu mmoja ni hasira ya kufungwa hiyo. Jiulize alikuwa hajui au alikuwa anajua? Kama hajui, punguza kwenye ujuzi wa kanuni. Kama anajua na akaendelea baada ya kuambiwa, punguza kwenye uungwana. Ila kapteni wenu aliongea na kapteni wao mechi ikiwa bado inaendelea, au mlisubiri karatasi? Maana kapteni anaweza hata kuomba mapumziko ya spiriti, timu zote mbili mnakaa duara moja mnayamaliza. Na yule ambaye uliita fasti kaunti akarudisha namba bila kununa, yeye umempa ngapi?