Barua kwa mwanangu: mbona hukusikia moto

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Umesema usiku wa kuamkia jana ulirudi kutoka kunywa pombe ya komoni, ukalala, baridi ya Njombe ikakuamsha, ukatoka kwenda kuliingiza jiko la mkaa chumbani. Ulilishika bati kwa kiganja. Asubuhi mkono umejaa malengelenge, kichwa kinapasuka, na umetapika. Ndipo unaniuliza: "Mama, mbona sikusikia kama naungua?"

Hukusikia kwa sababu ya pombe. Mtu akigusa kitu cha moto, mkono hujiondoa hata kabla hajafikiri. Pombe hupooza maumivu na kuuchelewesha mkono, na kwa bati la jiko lililokolea, kuchelewa kidogo tu kunatosha joto kuzama ndani ya ngozi. Katika miaka yangu ya wodini niliwaona watu walioangukia jiko wakiwa wamelewa. Vidonda vyao vilikwenda chini sana, maana walibaki pale pale hadi mtu mwingine alipowainua.

Hata hiyo baridi iliyokuamsha ina mkono wa pombe. Ukinywa, damu huja juu kwenye ngozi, unajisikia umepata joto, kumbe mwili unalipoteza. Usiku wa manane baridi inakubana, unalitafuta jiko, tena kwa mikono isiyo na shabaha.

Lakini baba, kilichoninyima usingizi ni kichwa chako, si kiganja. Wenzako wamekwambia ni komoni, nawe umekubali. Huenda ni kweli. Ila umesema dirisha lilikuwa limefungwa, na kwamba mkaa ulishakolea, hautoi moshi, kwa hiyo haukuwa na neno. Wengi wanaamini hivyo, na imani hiyo inaua familia nzima ndani ya chumba kimoja. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikaifungia nafasi. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, huchanganyikiwa, miguu hukosa nguvu. Mwangalie mtu huyo kisha mwangalie mlevi, huoni tofauti. Ndiyo maana aliyekunywa huachwa alale, watu wakisema zitamtoka. Hata asiyekunywa anaweza asiamke kabisa. Wewe uliyekuwa na komoni kichwani ungeamshwa na nini?

Sikuandikii kukukataza pombe, wewe ni mtu mzima. Ninachokuomba ni kwamba mambo ya jiko yaishe kabla hujatoka nyumbani. Pika, ule, mkaa uuzime kwa maji huko nje, jiko libaki nje. Kitandani ongeza blanketi, vaa sweta na soksi. Ukirudi umekunywa na njaa inakuuma, kula kilichobaki kikiwa cha baridi. Na mafuta ya taa usimwagie kamwe mkaa unaofifia, uwe umekunywa au hukunywa. Moto hurukia kopo mkononi.

Sasa huo mkono. Dawa ya meno uliyopaka haiponyi, inaficha kidonda tu na kuzuia joto lisitoke. Kilichotakiwa ni maji baridi yanayotiririka, dakika 20, na pete kuvuliwa mapema kabla vidole havijavimba. Kama bado unayo pete, ivue sasa hivi. Malengelenge usiyapasue, ngozi hiyo inazuia vijidudu. Funika kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Nenda kituo cha afya leo hii, usingoje uone kama itapoa. Kiganja kikipona vibaya ngozi hukaza na vidole havinyooki tena, nawe kazi yako ni ya mikono. Uliza kuhusu sindano ya pepopunda. Na ukifika mbele ya daktari usione haya: mwambie ulikunywa, na mwambie pia ulilala na jiko chumbani dirisha limefungwa. Ukitaja komoni peke yake, atakutibu komoni.

Mama yako